Ile Diski Ilikuwa Karo Yangu

Juni 2013, kibanda cha gemu cha binamu yangu kule Kayole kilikuwa na PS2 nne, televisheni zile nzito za zamani, na vita. Mechi moja ilikuwa bob kumi. Kubishana kulikuwa bure. Na tulibishana mpaka usiku kuhusu mashine mbili ambazo hakuna msee pale ndani angeweza kununua: Xbox One na PS4.

Microsoft ndio waliotangulia. Tarehe 21 Mei walitambulisha Xbox One, wakaongea sana kuhusu televisheni na kamera ya Kinect, ambayo ilikuwa lazima uinunue pamoja na mashine. Mwanzoni mwa Juni wakatoa masharti. Mashine ingetakiwa kuingia kwenye intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo gemu zako hazichezeki, hata kama diski unayo mkononi. Kumpa rafiki gemu? Mara moja tu, na awe amekaa kwenye orodha yako ya marafiki siku 30. Sisi intaneti yetu ilikuwa bando ya simu inayoisha kabla ya jioni.

Tarehe 10 Juni, kwenye maonyesho ya E3 kule Los Angeles, Sony wakajibu. PS4 ingeuzwa dola 399, Xbox One ilikuwa 499. Diski ya mtumba ingecheza bila masharti. Wakatoa na video fupi ya kuonyesha jinsi ya kumwazima rafiki gemu: mtu anampa mwenzake diski, mwenzake anasema asante, basi. Kibanda kizima kilipiga kelele.

Binamu peke yake ndiye hakucheka. "Dogo, wewe umeona bei tu," aliniambia. Na ukweli ni kwamba alikuwa na hoja. Kwa mpango wa Microsoft, ukishaingiza gemu kwenye mashine huhitaji diski tena, na watu kumi wa familia wangeweza kutumia gemu zako. PS4 nayo ilikuja na mchezo wake: kwenye PS3 ulicheza na watu mtandaoni bure, lakini sasa gemu nyingi zilikudai ulipie PS Plus kwanza. Na diski zako za PS3 hazikufanya kazi humo.

Tarehe 19 Juni Microsoft wakaufuta mpango wao. Kelele za wachezaji zilikuwa zimewazidi. Tulidhani tumeshinda.

Maana ya ule ushindi niliijua miaka mitano baadaye. Nilikuwa chuoni, na kwa ujinga wangu nilikuwa nimenunua PS4 ya mtumba kwa pesa ya mkopo wa masomo. Muhula wa nne karo ikanishinda. Nikaanza kuuza diski, moja moja, kwa wanafunzi wenzangu na kwa jamaa wa duka mjini. Elfu moja hapa, elfu na mia tano pale. Zilinilipia kodi ya keja miezi miwili na chakula cha mwezi wa tatu. Chuo niliacha bado, lakini sikulala njaa. Gemu mbili nilizokuwa nimenunua mtandaoni, zile za kupakua, hazikunipa hata shilingi. Nilikuwa nimezilipia, ila singeweza kumuuzia mtu.

Sasa angalia kilichofuata. Novemba 2020, Xbox Series S ilitoka bila mahali pa kuingiza diski. PS5 nayo ilikuwa na toleo la hivyo, dola 100 chini ya lile lenye diski. Mwaka wa 2024 PS5 Pro ikaja kwa karibu dola 700, na kisomea diski unanunua kando. Safari hii hakuna aliyetulazimisha. Kile tulichokataa kwa kelele 2013, tulikichagua wenyewe kwa sababu ni rahisi, na hakuna kuinuka kwenye kochi kubadilisha diski.

Binamu alishafunga kibanda. Juzi alinipigia akiuliza amnunulie mwanawe mashine gani, maana kijana anamwambia habari za kasi na picha safi. Nilimwambia hayo ni mazuri, lakini kwanza amuulize kijana swali moja: siku karo ikikosekana, hizo gemu atamuuzia nani?