Meli Zilizopita Nchi Kavu Jirani na Tunduma

Dereva aliyekwama na lori lake kwenye foleni ya Tunduma hawezi kudhani kuwa meli ziliwahi kupita jirani na hapa, zikiwa mabegani mwa watu.

Mwaka 1881, James Stevenson, tajiri wa Glasgow, alijitolea kugharimia barabara ya kutoka Karonga, kwenye Ziwa Nyasa, hadi kusini mwa Ziwa Tanganyika. Ilipita upande wa Nakonde, ng'ambo tu ya Tunduma ya leo. Mhandisi wake, James Stewart, alifariki mwaka 1883, na barabara haikukamilika. Sehemu kubwa ilibaki njia ya miguu.

Meli ikapita hivyohivyo. Good News, mali ya wamisionari wa London, ilikuwa na urefu wa futi 54. Iliundwa Uingereza, ikafunguliwa vipande vipande, ikapandishwa mito Zambezi na Shire, ikavushwa Nyasa hadi Karonga. Kuanzia hapo kazi ikawa ya wapagazi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kilo 25 hadi 30, lakini bamba la chuma haligawanyiki kama robota la kitambaa: ama watu wengi walibebe kwa pamoja, ama libaki porini. Huko Liendwe, karibu na mdomo wa mto Lufubu, mataruma yakasimamishwa na mabamba yakaunganishwa kwa ribiti, moja baada ya nyingine. Mwaka 1885 meli ikaelea. Mhandisi Roxburgh, aliyeiunda upya, akafa mwaka huohuo.

Nyuma ya wamisionari zikaja serikali. Mkataba wa 1890 kati ya Waingereza na Wajerumani uliufanya mto Songwe kuwa mpaka, na barabara ya Stevenson ikaangukia kwa Waingereza. Kwa maoni yangu, hatima ya Tunduma kuwa mji wa mpakani iliandikwa siku hiyo. Wajerumani nao wakavusha meli ya Hedwig von Wissmann kutoka Nyasa, ikaelea Tanganyika mwaka 1900. Waingereza waliizamisha tarehe 9 Februari 1916.

Wakati huo njia ya mabegani ilikwishapitwa. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, ikaleta Graf von Götzen ndani ya makasha yapatayo 5,000. Meli hiyo ilishushwa majini mwaka 1915, na ndiyo MV Liemba tunayoijua.