Magari ya kifahari ya zamani: Jinsi Cadillac ilivyopoteza taji mbele ya Mercedes-Benz

Mwaka 1959 gari la Cadillac lilikuwa na urefu wa takriban mita 5.7, injini ya lita 6.4 yenye silinda 8, na nyuma yake mapezi mawili marefu kama ya papa, yakibeba taa nyekundu. Kwa Mmarekani wa wakati huo hapakuwa na haja ya kuuliza gari bora ni lipi. Jina lenyewe lilikuwa limekwisha kuwa kipimo, kiasi kwamba bidhaa yoyote iliyozishinda nyenziwe ilisifiwa kuwa ndiyo Cadillac ya bidhaa hizo. Haikupita miaka 30 kabla ya daktari au wakili wa California, aliyetaka majirani wajue kwamba amefanikiwa, kuanza kununua gari la Kijerumani.

Sifa ya Cadillac haikujengwa kwa matangazo matupu. Mwaka 1908 klabu ya magari ya kifalme ya Uingereza ilisimamia jaribio ambalo magari 3 ya kampuni hiyo yalifunguliwa vipande vipande, vipuri vyake vikachanganywa, kisha yakaundwa upya na kuendeshwa bila matatizo. Katika zama ambazo fundi alilazimika kupiga tupa kila kipande ili kikae mahali pake, hilo lilikuwa jambo la kustaajabisha, na Cadillac ilitunukiwa kombe la Dewar. Matoleo ya mwaka 1912 yalikuja na starta ya umeme, iliyomwondolea dereva adha ya kuzungusha hendeli kwa mkono, kazi iliyowavunja wengi mifupa. Mwaka 1930 ikafuata injini ya silinda 16. Packard, mshindani wake wa Detroit aliyetoweka mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiye aliyetangulia kuuza magari yenye kiyoyozi kilichofungwa kiwandani.

Tofauti kati ya pande hizo mbili za Atlantiki ilizaliwa na mazingira. Marekani ilikuwa na petroli ya bei nafuu na barabara pana zilizonyooka, hasa baada ya sheria ya mwaka 1956 ya ujenzi wa barabara kuu. Anasa huko ilimaanisha ukimya, viti vilivyo laini mithili ya makochi ya sebuleni, na usukani wa kuzungushwa kwa kidole kimoja. Bodi iliwekwa juu ya chesi nzito, springi zikawa laini, na gari likaelea barabarani kama mashua. Ulaya, petroli ilikuwa ghali, mitaa ya miji ya kale myembamba, na katika nchi kadhaa kodi ilipanda kulingana na ukubwa wa injini. Ujerumani nayo ilikuwa na barabara kuu zisizo na kikomo cha mwendo. Mnunuzi wa huko aliuliza swali jingine: Je, gari litatulia likikata kona kwa kasi, na breki zitashika?

Mwaka uleule wa 1959, Mercedes-Benz ilizindua gari lake jipya la injini ya lita 2.2. Nalo lilikuwa na mapezi, madogo ya kuonea haya, ushahidi kwamba hata Stuttgart ilikuwa ikitazama mitindo ya Detroit. Lakini chini ya bati kulikuwa na fikra ya mhandisi Béla Barényi, kwamba sehemu za mbele na nyuma zikunjike wakati wa ajali ili kulinda chumba cha abiria kilicho imara katikati. Kwa maoni ya mwandishi, ulinganisho wote wa magari haya unaweza kusomwa katika mwaka huo mmoja.

Hata hivyo, si haki kudai kwamba Wamarekani hawakuweza kutengeneza vinginevyo. Lincoln Continental ya mwaka 1961 iliachana kabisa na mapezi, ikawa fupi kuliko iliyoitangulia, na kila gari lilijaribiwa barabarani kabla ya kuuzwa. Wala Wazungu hawakujitosheleza kwa kila kitu. Rolls-Royce, pamoja na majivuno yake yote, ilitegemea giaboksi ya otomatiki ya General Motors, kampuni mama ya Cadillac, na katika Silver Shadow iliyozinduliwa mwaka 1965 ikaongeza teknolojia ya springi za maji na gesi ya Citroën ya Ufaransa.

Pigo lilikuja Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipoizuia Marekani mafuta. Mwaka uliofuata kikomo cha mwendo kiliwekwa kuwa takriban kilomita 88 kwa saa. Kanuni za kupunguza moshi nazo zilizibana injini. Cadillac Eldorado ya mwaka 1970, yenye injini kubwa ajabu ya lita 8.2, ilitajwa kuwa na nguvu farasi 400. Kufikia 1976 injini hiyohiyo ilitajwa kuwa na 190, ingawa sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na kubadilishwa kwa namna ya kupima. Wakati huohuo Mercedes-Benz ilikuwa ikiuza 450 SEL 6.9 yenye nguvu farasi 286, na mwaka 1978 ikaanza kutoa breki za kielektroniki zinazozuia magurudumu yasijifunge.

Cadillac ilijibu mwaka 1975 kwa Seville, gari dogo kiasi lililouzwa kwa bei kubwa kuliko karibu ndugu zake wote, na wateja walilipokea vizuri. Kilichoiangusha ni haraka iliyofuata. Injini ya mwaka 1981 iliyopunguza silinda kutoka 8 hadi 6 na 4 kulingana na mwendo ilikuwa wazo zuri lililokabidhiwa kompyuta ya zama zile, isiyoweza kwenda nalo sambamba. Wenye magari wengi waliamuru mfumo huo ukatwe. Injini ya dizeli ilijulikana kwa kuharibika. Kisha ikaja Cimarron, ambayo ilikuwa Chevrolet Cavalier iliyovalishwa ngozi. Mnunuzi aliweza kusamehe udogo wa gari, lakini hakusamehe kuuziwa jina.

Afrika Mashariki nayo ilitoa uamuzi wake kwa njia ya lugha. Kiswahili kilizaa neno wabenzi kwa ajili ya vigogo wa baada ya uhuru. Hakikuzaa neno lolote kutokana na Cadillac. Sababu moja ni ya kawaida mno: magari ya Marekani yalitengenezwa na usukani wa kushoto, ilhali Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara. Yangefaa zaidi Kongo, Rwanda au Burundi, wanakoendesha upande wa kulia, lakini tumbo la gari lililo karibu na ardhi na lita 8 za kulishwa petroli ni mzigo mwingine.

Kwa anayetafuta gari la aina hii leo, hesabu hugeuka. Injini ya Marekani ya silinda 8 ni rahisi kufunguliwa na fundi wa kawaida. Mercedes-Benz 600 iliyozinduliwa mwaka 1963, ambayo hata vioo vyake hupandishwa kwa mgandamizo wa maji maalumu, huhitaji fundi bingwa, na bomba moja likianza kuvuja kuna mengine mengi ya umri uleule.