Malipo ya Pili

Kaka ndiye aliyeanzisha habari ya kasino. Ilikuwa Novemba 2024, kwenye grupu la WhatsApp la familia, siku tatu baada ya Baba kutangaza kwamba mwaka huu kahawa imelipa na kwa hiyo anataka kututoa watoto wake wote, sisi watu wazima wenye ndevu na madeni, twende mahali tukafurahi. Kaka akaweka picha ya taa za rangi na kuandika: tukutane Dar es Salaam, tulale hotelini, usiku mmoja tuvae vizuri twende kasino, kama wanavyofanya kwenye filamu za Las Vegas. Dada alicheka kwa sauti ya dakika nzima. Mimi nikaweka emoji. Baba, ambaye haandiki, alituma ujumbe wa sauti wa sekunde tisa.

“Kamari nimecheza miaka arobaini. Tunakwenda ziwani.”

Nilidhani ni utani. Baba yangu ni mkulima wa kahawa katika milima ya Umatengo, wilaya ya Mbinga, ana miaka 67, na kwa ninavyojua mimi hajawahi kushika hata tiketi ya bahati nasibu. Nasomea shahada ya uzamili katika historia, na kwa miaka miwili nilikuwa nikisoma habari za ushirika wa wakulima bila kuisikia sentensi ile ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Ziwa lenyewe lilikuwa deni. Mwaka 1993 Baba alimwahidi Dada, aliyekuwa na miaka 11, na Kaka, aliyekuwa na 6, kwamba akipata malipo ya pili atawapeleka Mbamba Bay wakaone maji yasiyo na ng’ambo. Mimi nilizaliwa 1998. Niliikuta ahadi hiyo nyumbani kama nilivyoikuta meza.

Kwa msomaji ambaye kwao hakuna kahawa, malipo ya pili yanahitaji maelezo. Mkulima alipeleka kahawa yake ya maganda kwenye chama cha msingi, ikapimwa, akapewa stakabadhi na fedha kiasi. Hayo ndiyo malipo ya kwanza. Kahawa ikaenda kukobolewa, ikaenda mnadani Moshi, na ikishauzwa chama kikuu kikatoa gharama zake, kinachobaki kikarudi kwa mkulima. Kwa kitabu, ni mpango wa haki kabisa: mkulima anashiriki bei ya mwisho badala ya kuuza kwa bei ya kutupa langoni kwake. Kwa maisha ya kila siku, maana yake ni kwamba nusu ya jasho lako iko mikononi mwa watu usiowaona, na wewe unasubiri. Watoto wa Mbinga wa miaka ile walikua wakisikia “tukipata malipo ya pili” kama wengine wanavyosikia “Mungu akipenda”.

Ushirika huo una historia ndefu huku kwetu. Kahawa iliingia Umatengo miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 Wangoni na Wamatengo wakawa na chama chao kikuu, NGOMAT, kilichoanza na tumbaku ya Wangoni. Ilikuwa ni miaka ileile KNCU ilipoanzishwa Kilimanjaro. Watu walipanda mibuni kwenye miteremko ambayo tayari walikuwa wakiilima kwa ngoro, yale mashimo ya mraba yanayoshika maji na udongo usiporomoke, ambayo wageni huja kuyapiga picha na ambayo mimi nikiwa mtoto niliyachukia kwa sababu ya mgongo wangu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, mamlaka ya zao ikachukua nafasi yao, kisha sheria ya 1982 ikavirudisha. Vilirudi vikiwa dhaifu, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 vingi vilikuwa vimezama katika madeni ya benki.

Kuna mtindo siku hizi, hasa miongoni mwetu tunaosoma, wa kuusifia ushirika wa zamani kana kwamba aliyeuua ni soko huria peke yake. Sikubaliani nao. Malipo ya pili ya 1993 hayakuja, na wakati huo hakukuwa na mnunuzi binafsi wa kumlaumu. Lakini pia si kweli kwamba ni wizi wa makarani tu. Julai 1989 nchi zinazozalisha kahawa na zile zinazoinywa zilishindwa kukubaliana, ule mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya kuuza nje ukasimama, na bei ikaanguka. Baba hakuwahi kusikia habari za mkutano wowote. Alichoona ni karani akimwambia arudi wiki ijayo.

Halafu, katikati ya 1994, baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ikaruka. Ilikuwa bahati ya ajabu, kwa sababu ni wakati uleule Tanzania ilipowafungulia wafanyabiashara binafsi mlango wa kununua kahawa vijijini. Wakaja Mbinga na fedha taslimu. Hakuna stakabadhi, hakuna kusubiri: unapima, unalipwa, unaondoka. Mama anausimulia msimu wa 1995 kwa sauti ya mtu anayesimulia mafuriko. Wanaume waliteremka mjini Mbinga na fedha mfukoni wakakaa huko siku nne, tano. Redio za kaseti zilipiga muziki mchana. Vijana kutoka mbali walitandika magunia karibu na soko na kucheza karata tatu, ile pata potea ambayo anayeshinda mbele yako huwa ni mwenzao.

“Baba yenu aliacha gunia zima pale,” Mama alisema. Tulikuwa tumeshapanda gari, Hiace ya kukodi, tumeshapita Mbinga mjini, barabara imeanza kuteremka. Baba alitazama dirishani.

“Nusu gunia,” alisema.

Ndiyo sababu hawakwenda ziwani mwaka ule wenye neema. Mama alichukua kilichobaki akanunua bati. Nyumba ninayoiita nyumbani ina bati lile hadi leo, limeshika kutu upande wa magharibi.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66, sasa ni lami yote. Zamani ilikuwa safari ya kushinda juu ya lori, na mvua ikinyesha mnalala njiani. Unaacha baridi ya milimani, mibuni na migomba, unazunguka kona baada ya kona masikio yakiziba, kisha milima inajifungua na ziwa liko pale, kubwa kupita ulivyoambiwa. Nilikuwa nimejiandaa kumtazama Dada. Ana miaka 42, ni muuguzi, ana watoto wawili. Hakulia wala nini. Alisema, “Kumbe ni karibu hivi,” na hakuna aliyemjibu.

Siku ya pili tulikwenda Liuli, kaskazini, na hapo nilipata nafasi ya kuwachosha na masomo yangu. Liuli kuna jiwe kubwa ufukweni, Pomonda, ambalo Wajerumani waliliona kama sanamu ya Sphinx ya Misri, wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen. Hapo ndipo meli yao, Hermann von Wissmann, ilipokuwa imepandishwa ikitengenezwa Agosti 1914, wakati meli ya Waingereza, Gwendolen, ilipotokea na kuipiga mzinga. Manahodha wawili hao, Rhoades na Berndt, walikuwa marafiki. Mjerumani hakuwa na habari kwamba vita imeanza Ulaya, na inasimuliwa kwamba alipanda mtumbwi akaenda kumgombeza mwenzake akidhani amelewa. Akachukuliwa mateka. Wageni wanaopita huko hupenda kisa hicho, kinachekesha.

Mimi kilichonishika ni fedha zilizoijenga meli. Mwaka 1891 kamati ya Ujerumani ya kupinga biashara ya utumwa iliendesha bahati nasibu. Watu wa Berlin na miji mingine walinunua tiketi, wengine bila shaka kwa huruma, wengine kwa kutaka kushinda, na sehemu ya fedha ikanunua meli. Ikaletwa vipande vipande kwa mto Zambezi na Shire, ikaunganishwa, na mwaka 1893 ikaelea Ziwa Nyasa ikiwa na silaha. Mwaka huohuo Wajerumani wakaweka kituo chao cha Langenburg kaskazini mwa ziwa. Meli iliyotangazwa kuja kuwakomboa watu ilikuja pia kuwatawala, na iliyolipia ni kamari.

“Sasa mshindi alipata nini?” Kaka aliuliza. Nilisema alipata fedha. “Na sisi?” Dada akamwambia anyamaze, aache watu wapige picha.

Lazima niseme kuhusu Kaka. Ana duka dogo la vifaa vya simu Dar es Salaam, au alikuwa nalo. Safari ile sote tulijua, na yeye hakujua kwamba tunajua, kwamba mtaji ulikwisha kwa mikeka. Tangu sheria ya michezo ya kubahatisha ya 2003 na bodi yake, na zaidi tangu simu ziingie mkononi, kamari haina haja tena ya kuwa na mji. Las Vegas ilihitaji jimbo la Nevada kuihalalisha mwaka 1931 na watu kusafiri jangwani. Kijana wa Mbinga anahitaji bando. Mjini kwetu kuna vibanda vya kubeti hatua chache kutoka mahali palipokuwa magunia ya karata tatu, na mashine za dubwi zinazokula sarafu za bodaboda. Sisemi haya kwa kujitenga. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilibeti fedha ya chakula ya mwezi, timu kumi na moja, kumi zikashinda.

Usiku ule tulikula mbasa wa kuchoma nje ya nyumba ya wageni. Kaka alikuwa ameinamia simu. Baba akamwomba amwonyeshe. Nilitegemea ugomvi, na nadhani Kaka pia, maana alianza kuifunga. Baba akasema hapana, nieleze. Basi Kaka akaeleza: hii ni timu, hii ni odi, ukizidisha hizi zote unapata hii, na ikiharibika moja mkeka wote umechanika. Alieleza vizuri, kwa subira, kama mtu aliyekuwa akingojea kuulizwa.

“Na anayepanga hizi namba yuko wapi?”

“Hayuko hapa, Baba. Ni kompyuta, huko nje.”

“Zinabadilika?”

“Kila saa.”

Baba alitikisa kichwa. “Huyo namjua,” alisema. “Mimi nilipeleka kahawa chama, chama kikapeleka Moshi, na Moshi walisikiliza New York. Soko lao la kahawa lina umri gani?”

Aliniuliza mimi. Nilisema tangu 1882.

“Unaona. Baba yangu alimcheza huyohuyo. Mara akupe, mara akunyime, na hata siku moja hakuona ngoro.” Kisha akaeleza habari ya magoma, ambayo sikujua kwamba aliwahi kuingia. Mwaka 2001 bei ilipofika chini kuliko wakati wowote, watu wakiacha mibuni imezwe na majani, Dada alikuwa akihitaji ada. Mwezi wa pili, kahawa ikiwa bado mbichi mtini, Baba alichukua fedha kwa mtu na kuahidi kumlipa kwa magunia. Kagera huita butura. Alipovuna, karibu yote ilikwenda kwa mtu huyo.

“Ulicheza ada yangu?” Dada alisema.

“Niliilipa ada yako. Nilicheza mwaka uliofuata.”

Tulinyamaza. Mama akawa anatoa miiba ya samaki kwa ajili ya mtu ambaye hakumwomba. Kaka aliinuka akaenda hadi majini, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi alimwambia Baba kiasi anachodaiwa. Sikukiandika hapa kwa sababu si changu. Baba aliuliza kama hicho ni chote. Kaka akasema siyo, akataja kingine. Wakaendelea hivyo hadi mwisho, kama watu wanaopima magunia.

Desemba ile bei ya arabika New York ilivunja rekodi iliyodumu tangu 1977, na miezi miwili baadaye ikapita dola 4 kwa ratili. Kahawa yetu ilikuwa imeshauzwa zamani. Nilipompigia Baba simu kumwambia, alicheka kweli.

Kabla hatujarudi nilimwomba kitu. Ana kopo la maziwa ya unga lenye stakabadhi zake za chama, za 1993 zikiwemo, zenye kilo na mihuri iliyofifia. Nilimweleza kwamba chama hicho hakipo tena, kwamba karatasi hizo ni ushahidi mzuri kwa tasnifu yangu, kwamba naweza kuzipeleka zikahifadhiwa mahali salama.

Alifikiri kidogo, akanirudishia daftari langu.

“Piga picha,” alisema. “Zenyewe ziache. Bado nadai.”