Deni Lililopita Juu ya Paa

Jioni umeme ukikatika Lubumbashi, mama anatoa jiko la mbabula mlangoni na kuwasha makala, ndivyo tunavyouita mkaa hapa, bukari, ugali wetu, ipate kuiva. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya deni la zamani la nchi hii, Kongo, ilianzia kwenye umeme.

Miaka ya 1970, Rais Mobutu alikopa nje kujenga njia ya umeme ya Inga–Shaba, kilomita 1,700 kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi. Ilikamilika mwaka 1982. Ilijengwa kwa ajili ya migodi. Vijiji vilivyo chini ya nyaya vikabaki gizani.

Shaba ndiyo iliyotarajiwa kulipa. Bei yake ikaporomoka mwaka 1974, na mwaka uliofuata Zaire, jina la Kongo wakati huo, ikashindwa kulipa. Mwaka 1976 wadai walikutana katika Klabu ya Paris, wakasogeza tarehe. Wakasogeza tena na tena, riba ikizidi kujilimbikiza. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliyoitwa baba na mama kwa kuwa ndiyo iliyotoa unga, shule na matibabu, ilidhoofika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa fedha za Benki ya Dunia.

Kwa nini wadai hawakusamehe mapema? Kila mmoja alihofu kwamba akisamehe yeye, mwenzake atalipwa kwa msamaha huo. Hofu hiyo ilihitaji ahadi ya pamoja. Mpango wa kuzisaidia nchi maskini zenye madeni makubwa ulianza mwaka 1996, ukapanuliwa Köln mwaka 1999. Kongo iliingia mwaka 2003. Tarehe 1 Julai 2010, siku moja baada ya sherehe za miaka 50 ya uhuru, ilitangazwa kwamba dola bilioni 12.3 zimefutwa.

Lakini mfuko wa uwekezaji wa Marekani, FG Hemisphere, ulikuwa umenunua deni ambalo Kongo ilidaiwa na Energoinvest, kampuni ya Yugoslavia iliyojenga miundombinu ya umeme nchini. Ukaidai Kongo zaidi ya dola milioni 100, ukataka kukamata mali ya Gécamines kisiwani Jersey. Uingereza ilitunga sheria ya kuwabana wadai wa aina hiyo mwaka 2010, ila haikufika Jersey. Gécamines iliokoka Julai 2012 kwa hukumu ya rufaa mjini London.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wakubwa walipounganisha vidole, deni lilivunjika. Walipoacha mwanya mmoja, mdai alijaribu kupita humo.