Reli Mbili na Pengo la Ramu

Msomaji, ukisimama mjini Kajiado utaiona reli ya zamani iendayo Magadi, iliyojengwa katika miaka ya 1910 ili kuchukua magadi ya ziwani. Nafasi iliyo kati ya vyuma vyake viwili ni milimita 1,000. Ukiwa Kitengela, huna haja ya kwenda mbali: hapo jirani, Athi River, imepita reli nyingine iliyofunguliwa mwaka 2017, na nafasi yake ni milimita 1,435. Zote mbili ni reli, lakini behewa la hii haliwezi kupita katika ile. Shida kama hiyo humpata mwalimu anayetaka kuiongezea kumbukumbu kompyuta kuukuu ya shule.

Kumbukumbu ninayoitaja ni ile ya muda, ambayo mafundi huiita ramu. Hapo kale kompyuta zilihifadhi habari katika vijipete vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya. Mwaka 1966 Robert Dennard, mhandisi wa IBM huko Marekani, aliwaza kuiweka kila biti katika chaji ndogo ya umeme inayolindwa na transista moja tu. Mwaka 1970 Intel ikaanza kuuza kidude chake cha 1103, kilichochukua biti 1,024. Siku hizi twaona ni kichekesho. Wakati ule ilikuwa ajabu.

Tangu hapo vizazi vikafuatana: DDR mwaka 2000, DDR2 mwaka 2003, DDR3 mwaka 2007, kisha DDR4 na DDR5. Kila kizazi kilikuja na umeme mdogo kuliko wa kabla yake. DDR yatumia volti 2.5, DDR2 volti 1.8, DDR3 volti 1.5. Umeme wa kizazi kimoja waweza kukiunguza kingine; ndiyo maana ukingo wa ramu ulikatwa pengo, nalo likahamishwa kila kizazi kipya kilipotokea. DDR2 na DDR3 za kompyuta ya mezani zina miguso 240 sawasawa, lakini pengo lizuiapo, usilazimishe. Wako wasemao kwamba ni hila ya wauzaji. Mimi naona sababu ni ya kweli, ingawa gharama yake huwaangukia zaidi wale wanaotumia mashine zilizokwisha kutumiwa na wengine, kama zile zilizogawiwa shuleni na Computers for Schools Kenya, shirika lililoanzishwa mwaka 2002.

Tena, pengo halisemi yote. Ramu ya seva ya DDR3 huingia vizuri katika bodi kuu ya kompyuta ya mezani, nayo mashine ikakataa kuwaka. Bodi yenye chipu za Intel 945G haitambui zaidi ya gigabaiti 4, hata ukiijazia kiasi gani.

Basi, kabla fedha ya shule haijatoka, zima mashine, chomoa waya wa umeme, ufungue kifuniko. Soma karatasi iliyobandikwa juu ya ramu ya zamani: kizazi chake, ukubwa wake, kasi yake. Kisha tafuta jina na namba zilizochapwa juu ya bodi yenyewe, uzilinganishe na kitabu cha mtengenezaji. Ukienda dukani, nenda na ramu ile ya zamani mkononi.