Lumbu, Dada na Ndugu: Historia ya Maneno ya Undugu na Swali la Fikra za Mtoto katika Ukanda wa Magindu

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya maneno matatu, yaani lumbu, dada na ndugu, katika ukanda wa Magindu mkoani Pwani, ili kulitazama upya dai kwamba lugha huongoza namna mtoto mdogo anavyofikiri. Hoja yetu ni kwamba kipimo kilichotumiwa tangu miaka ya 1920 kuamua kama mtoto anaweza kufikiri kwa uhusiano kilijengwa juu ya neno la Kifaransa lisilo na kisawe kamili katika Kiswahili wala katika lugha jirani za Pwani. Mabadiliko ya msamiati wa undugu katika karne ya 20 yamelifanya tatizo hilo kuwa kubwa zaidi.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu lugha na fikra, kila unapofundishwa katika vyuo vyetu, huanzia kwa Sapir na Whorf na kuishia katika majina ya rangi. Mtoto hutajwa kwa nadra, na mtoto wa Pwani hatajwi kabisa. Hili linashangaza, kwa kuwa wataalamu wawili walioubeba mjadala huu katika karne iliyopita, Jean Piaget wa Geneva na Lev Vygotsky wa Moscow, walianza na maneno yaliyomo kinywani mwa mtoto. Vygotsky, katika kitabu chake cha mwaka 1934 kuhusu fikra na usemi, alisisitiza kwamba neno analopewa mtoto na watu wazima humtangulia kimaana. Mtoto hulitumia kwanza, kisha hulikua. Kama ni hivyo, basi historia ya neno ni sehemu ya historia ya fikra za wanaolirithi. Katika makala haya tunalichukua wazo hilo na kulipeleka mahali padogo.

Magindu ni kata ya Wilaya ya Kibaha, katika ukanda unaopakana na Kisarawe, ambako Ukwere na Uzaramo hukutana. Kikwere na Kizaramo ni lugha zinazokaribiana sana. Pamoja nazo kimekuwapo Kimaa cha wafugaji wa Kiparakuyo, ambao Peter Rigby na Arvi Hurskainen waliwaandikia tafiti ndefu, na juu ya zote kimetandazwa Kiswahili. Kiswahili hakikuja hapa na shule peke yake. Njia za misafara kuelekea Bagamoyo zilikuwapo kabla ya Wajerumani, na reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, ilipita katika nchi hii kupitia Soga na Ruvu. Wamisheni wa Kilutheri walikuwa wamekwisha kufungua vituo vyao Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890. Kwa hiyo mtoto wa ukanda huu amekuwa akilelewa kati ya misamiati miwili au mitatu ya undugu kwa zaidi ya karne moja.

2.0 Kipimo cha Geneva

Mwaka 1924 Piaget alichapisha kitabu kuhusu hukumu na hoja za mtoto. Sehemu moja ya kitabu hicho inahusu neno la Kifaransa lenye maana ya ndugu wa kiume. Mtoto aliulizwa kama ana ndugu, kisha akaulizwa kama ndugu huyo naye ana ndugu. Watoto wengi wadogo walijibu kwamba wao wanaye, lakini yule hana. Aidha, Piaget alilichunguza fumbo lililotoka katika vipimo vya Alfred Binet: mtu anasema kwamba ana ndugu watatu, na katika hao watatu anajitaja na yeye mwenyewe. Mtoto alitakiwa aeleze upuuzi wa kauli hiyo ulipo. Kutokana na majibu, Piaget alihitimisha kwamba mtoto mdogo hawezi kujitoa katika nafasi yake na kujiona kama mwenzake anavyomwona, na kwamba kwake ndugu ni sifa ya mtu badala ya kuwa uhusiano wa pande mbili.

Tujaribu kulitia fumbo la Binet katika Kiswahili. Anayesema "nina ndugu watatu: Juma, Ali na mimi" amekosea, na mtoto mkubwa atacheka. Lakini Waswahili, wanapohesabu watoto wa nyumba, kwa kawaida hawasemi hivyo. Husema "tuko ndugu watatu" au "tumezaliwa watatu", na katika kauli hizo msemaji yumo ndani ya hesabu. Kauli "tuko ndugu watatu: Juma, Ali na mimi" haina upuuzi wowote. Basi mtoto wa miaka sita akiulizwa ana ndugu wangapi, naye akajibu "watatu" huku akijihesabu, amefanya kosa gani? Amelijibu swali kwa hesabu ya nyumbani kwao, ambamo undugu ni kundi lenye wanachama naye ni mmoja wao. Mpimaji aliyetafsiri neno kwa neno ataandika kwamba mtoto ameshindwa kujitofautisha na wenzake. Kwa maoni yetu, kilichopimwa hapo ni umbali uliopo kati ya kitenzi "kuwa na" na kitenzi "kuwa", na kosa ni la mpimaji.

3.0 Lumbu

Katika Kikwere na Kizaramo, kama ilivyo katika Kiluguru na Kikaguru, lumbu ni ndugu wa jinsia nyingine. Juma humwita Asha lumbu, na Asha humwita Juma lumbu. Kwa ndugu wa jinsia moja yapo maneno mengine, yanayotenganisha mkubwa na mdogo. Neno hili ni la kale: limesambaa katika lugha nyingi za Kibantu kwa maana hiyohiyo, na mzizi wake umejengwa upya na wanaisimu linganishi hadi Mame-Bantu.

Katika jamii za ukanda huu neno hilo lilikuwa na uzito. Beidelman, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu jamii za mashariki ya Tanzania zinazofuata ukoo wa kikeni, aliwajumuisha Wakwere na Wazaramo, ingawa kwa Wazaramo Uislamu na ujirani wa mji vilikuwa vimeongeza nguvu ya upande wa baba. Ukoo unapopita kwa mama, uhusiano wa kaka na dada ndio nguzo ya nyumba, kwa sababu watoto wa dada ndio warithi wa ukoo wa kaka. Mjomba ni lumbu wa mama. Mtoto aliyeelezwa hivyo amepewa neno la jamaa pamoja na kanuni ya kulifikia: simama mahali pa mama yako, kisha utazame kutoka hapo.

Tulirudie swali la Geneva kwa neno hili. "Una lumbu?" "Ninaye." "Naye ana lumbu?" Jibu haliwezi kuwa hapana, maana neno lenyewe limebeba pande zote mbili. Tukiwa na Asha, Juma na Ali wa mama mmoja, Asha ana malumbu wawili, Juma ana mmoja na Ali ana mmoja, na huyo mmoja ni yuleyule. Idadi hubadilika kwa kadiri ya anayeulizwa. Mtoto anayelitumia neno hili sawasawa hawezi kuliweka juu ya mtu kama jina. Kila mara hana budi kuangalia jinsia ya anayesema na ya anayesemwa.

Je, ina maana kwamba mtoto wa Kikwere alifikiri kwa uhusiano mapema kuliko mtoto wa Geneva? Hapa hatuna budi kusita. Mtoto wa miaka minne anaweza kujibu "anaye" kwa mazoea tu, kama anavyoitikia "tega" baada ya "kitendawili" kabla hajajua kutegua kitu. Jibu sahihi lililotolewa na neno halithibitishi fikra, kama ambavyo jibu lisilo sahihi lililotolewa na neno halithibitishi ukosefu wa fikra. Patricia Greenfield na Carla Childs walikumbana na suala la namna hii katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1977 kuhusu watoto wa Zinacantán nchini Meksiko, ambako nako maneno ya undugu hutegemea umri na jinsia. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni lile ambalo Dan Slobin aliliita kufikiri kwa ajili ya kusema: lugha humlazimisha mzungumzaji kuliangalia jambo fulani kila anapofungua kinywa. Lumbu lilimlazimisha mtoto kuangalia pande mbili. Mazoezi hayo yalifanyika uani, bila mwalimu, mara nyingi kwa siku.

4.0 Kaka, dada na ndugu

Kiswahili nacho kilikuwa na neno hilo. Umbu, lililopoteza l ya mwanzo kama ilivyo kawaida ya Kiswahili, limo katika kamusi za zamani na za sasa, lakini hufasiliwa kwa ufupi kuwa ni dada. Yaani tayari upande mmoja ulikuwa umekatika: umbu amekuwa mtu wa jinsia fulani, na nafasi ya anayemtaja haihesabiki tena. Mahali pake pamechukuliwa na kaka na dada, ambayo wapo wanaisimu wanaoyahusisha na Kiajemi. Awali maneno hayo yaliwahusu wakubwa tu, na aliyefuata aliitwa mdogo, awe mwanamume au mwanamke. Uhusiano huo nao una mantiki yake. Kama Asha ni dada yangu, mimi ni mdogo wake. Kauli haigeuki bila kubadili neno. Mtoto hujifunza ngazi, na lumbu halikuwa na ngazi.

Neno ndugu lilikwenda njia nyingine. Lilikuwa pana tangu zamani, ndiyo maana Kiswahili kina njia za kulifunga: ndugu wa tumbo moja, ndugu wa baba mmoja, ndugu wa kunyonya. Kisha siasa ikalipanua. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU iliwatangaza binadamu wote kuwa ndugu, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ndugu likawa anwani ya kila raia, kuanzia mjumbe wa nyumba kumi hadi waziri. Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Mtoto aliyeacha lumbu nyumbani na kuingia darasani alikabidhiwa neno ambalo kisiasa halikuwa na mpaka. Kumwuliza mtoto huyo ana ndugu wangapi ni kumtaka kwanza akisie muulizaji anakusudia ndugu gani. Watu wazima nao hulijibu swali hilo kwa swali: "Wa tumbo moja?"

Hatusemi haya kwa kuisikitikia sera ya mwaka 1967. Kwa watoto wa Kikwere, Kizaramo na Kimaa kukaa dawati moja na kuelewana, lugha moja ilihitajika, na Kiswahili kilikuwa tayari mlangoni mwao. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliposhusha mpango huo hadi elimu ya awali, kwa watoto wa miaka mitano na sita, ilifuata mantiki ileile. Jambo lililopita bila kuangaliwa ni kwamba umri huo ndio hasa aliouzungumzia Piaget, umri ambao maneno ya uhusiano bado hayajatulia.

5.0 Bagamoyo

Mwaka 2002 Robert Sternberg, Elena Grigorenko, Damaris Ngorosho na wenzao walichapisha utafiti uliofanyika katika shule za vijijini karibu na Bagamoyo, si mbali na Magindu, kwa watoto wa miaka 11 hadi 13. Watoto walipewa kazi za kupanga vitu kwa makundi, hoja za kulinganisha, na mchezo wa kubaini kitu kwa maswali ishirini. Kisha wakafundishwa kwa muda mfupi, usiozidi saa moja, namna ya kuzikabili kazi hizo, na wakapimwa tena. Alama zao zilipanda kuliko za wenzao ambao hawakufundishwa. Uwezo ulioonekana kukosekana asubuhi ulikuwapo. Kilichokosekana ni mazoea ya swali lenyewe. Luria, aliyekwenda Uzbekistani mwaka 1931 na 1932 na kuwauliza wakulima mafumbo ya mantiki, aliyachukulia majibu yao kuwa dalili ya hatua ya fikra. Watafiti wa Bagamoyo walirudi na kuuliza mara ya pili.

Kwa mwalimu wa darasa la awali Magindu, jambo hili hujitokeza katika kazi ya kawaida kabisa, pale mtoto anapoambiwa achore familia yake na kusema ana ndugu wangapi. Idadi iliyo katika picha na idadi anayoitamka mara nyingine hazilingani. Kabla ya kusahihisha, mwalimu ana swali moja la kuuliza, ambalo bibi yake mtoto huyo asingehitaji kuuliza: umejihesabu?