Maneno ya mkutano wa video: yajue kabla ya intavyuu

Wadau wa Moshi mjini, Marangu, Kibosho na Machame, intavyuu za mtandaoni zipo, usichemshe kwa kutojua haya:

Mwangwi: sauti inajirudia kwa sababu maiki inanasa spika. Vaa hedifoni.

Maiki imezimwa: alama ina mstari? Unaongea peke yako.

Upana wa bendi: ukubwa wa bomba la data. Jirani akidaunilodi muvi, picha yako inaganda. Zima kamera, sauti ipone.

Ucheleweshaji: muda wa sauti kusafiri. Enzi za setilaiti, kilomita kama 36,000 juu, kuuliza na kujibiwa kulikula nusu sekunde hivi. Kebo ya baharini ya SEACOM ilipofika Dar mwaka 2009, muda ukapungua. Hata hivyo, mwache anayekuhoji amalize kwanza.

Kazi kwenu!